Mchanga unaowafaa samaki wa sakafuni

Samaki wa sakafuni ni wale wanaoishi wakiwa wameigusa chini ya maji karibu muda wote. Katika matangi ya samaki wa mapambo, kundi hili ni kubwa kuliko wengi wanavyodhani: kambare wadogo wa Amerika Kusini wa jenasi ya Corydoras, ngogo wa Ziwa Tanganyika, samaki wembamba wa Asia wa jenasi ya Pangio wanaofanana na mikunga, na sikilidi kadhaa wa maziwa ya Afrika Mashariki wanaokula kwa kuuchekecha mchanga mdomoni. Kwa samaki anayeogelea katikati ya maji, kilichotandazwa chini ya tangi ni pambo tu. Kwa hawa, hapo ndipo wanapotafuta chakula, wanapolala, wanapojificha na mara nyingi wanapotagia. Mfugaji akikosea kuchagua sakafu, samaki huumia polepole, na dalili huonekana wakati madhara yamekwisha kuwa makubwa.

Chanzo cha tatizo kiko mdomoni. Corydoras ana jozi kadhaa za sharubu fupi kuzunguka mdomo ulioelekea chini. Sharubu hizo zimejaa vionja ladha, na samaki huzitumia kutambua vibuu, minyoo na mabaki ya chakula mahali ambapo macho hayafiki. Akihisi kitu, huchoma pua mchangani hadi machoni, huvuta funda la mchanga, hubakiza kinacholika, na punje zilizobaki huzitoa kupitia matamvua. Anayekaa mbele ya tangi lenye mchanga laini huviona vijimkondo vya mchanga vikimwagika pembeni mwa kichwa, kushoto na kulia, kila baada ya sekunde chache. Samaki huyohuyo akiwekwa juu ya kokoto huacha tabia hiyo, kwa sababu haiwezekani. Hubaki akigusagusa juu ya mawe, huku chakula kikizama katikati ya nafasi asizoweza kuzifikia na kuozea humo.

Hapo ndipo sharubu zinapoanza kuliwa. Ncha huwa nyekundu, kisha hufupika, na katika hali mbaya hubaki vigutu. Kwa miaka mingi lawama zote zilitupiwa kingo kali za changarawe. Kingo kali zina mchango wake, maana ngozi laini ikichubuka hufungua njia ya maradhi. Lakini mhalifu mkubwa zaidi ni bakteria wanaostawi kwenye sakafu chafu. Kambare waliowekwa juu ya mchanga mzuri usiosafishwa hupoteza sharubu pia, na wapo waliokaa juu ya changarawe ya mviringo inayosafishwa vizuri wakabaki nazo. Kwa hiyo sakafu salama ina masharti mawili yanayokwenda pamoja: punje zisizokwaruza, na uwezekano wa kuiweka safi. Changarawe hushindwa zaidi katika sharti la pili kuliko la kwanza.

Hata samaki wa dhahabu, ambaye wengi hawamhesabu kuwa wa sakafuni, yumo katika hatari hii. Hupekua chini kutwa nzima, na jiwe lenye ukubwa wa mdomo wake linaweza kumkwama kooni asiweze kulitema wala kulimeza. Ajali hiyo hutokea sana kwenye changarawe za wastani, zile zinazouzwa kwa wingi kwa sababu zinapendeza machoni.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, mfano bora wa uhusiano wa samaki na mchanga uko karibu. Ziwa Tanganyika, linalogawanywa na Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia, lina kina kinachofikia mita 1,470 na spishi za sikilidi zipatazo 250, karibu zote zisizopatikana mahali pengine duniani. Wengi hukaa kwenye miamba, lakini kati ya miamba hiyo kuna mbuga za mchanga zenye wakazi wake maalumu. Xenotilapia huchota mchanga mdomoni na kuupitisha kwenye matamvua kama afanyavyo Corydoras, ijapokuwa samaki hawa hawana udugu wa karibu na mabara yao yametenganishwa na bahari. Enantiopus melanogenys dume huchimba kisahani cha mchanga na kukilinda, jirani yake naye akichimba chake, mpaka uwanja mzima unakuwa wa madume wanaowavutia majike. Katika Ziwa Nyasa, Fossorochromis rostratus akishtuliwa hupiga mbizi na kujifukia mchangani mzima mzima. Samaki wa namna hiyo akiwekwa juu ya kokoto, tabia inayomwokoa kutoka kwa adui ndiyo itakayomjeruhi.

Wa ajabu zaidi ni wale wanaoishi ndani ya maganda ya konokono. Chini ya Tanganyika kuna maeneo mapana yaliyojaa maganda matupu ya konokono Neothauma tanganyicense, ambaye ganda lake hufikia sentimita 6 hivi. Neolamprologus multifasciatus, mmoja wa sikilidi wadogo kuliko wote ulimwenguni, huishi humo kwa koo, jike akitagia ndani ya ganda. Hutumia muda mwingi akihamisha mchanga kwa mdomo, punje chache kila safari, kutoka hapa kwenda pale, hata kitongoji chake kikawa na mashimo na vilima. Lamprologus ocellatus hulifukia ganda lake hadi mdomo wa ganda tu ndio ubaki wazi. Lamprologus callipterus ana desturi nyingine: dume, ambaye huzidi jike kwa uzito zaidi ya mara kumi, hukusanya maganda na kuyabeba hadi himaya yake ili majike waje kutagia. Tangi la samaki hawa lisilo na mchanga mwororo wa kina cha kutosha linawanyima kazi waliyoumbiwa. Hukaa kinyonge kwenye pembe, rangi zikififia, na mfugaji huhangaika kutafuta dawa ya ugonjwa usiokuwapo.

Swali la ukubwa wa punje lina jibu lililo wazi. Wanajiolojia huita mchanga punje zenye kipenyo cha kuanzia milimita 0.0625 hadi 2, na zaidi ya hapo ni changarawe. Kwa samaki wanaochekecha, kiasi kizuri ni kati ya milimita 0.3 na 1. Ukienda chini sana, mchanga unakuwa kama unga: hutibuka kwa kila mkia unaopita, huingia kwenye pampu, na hushikana ukawa tabaka zito lisilopitisha maji. Ukienda juu ya milimita 2, chakula huanza kupotelea katikati ya punje. Wavu wa dirishani wa kuzuia mbu una matundu yanayozidi milimita 1 kidogo, hivyo kipande chake kilichopigiliwa kwenye fremu ya mbao ni chekeche nzuri: kinachopita hufaa, kinachobaki juu kitumike kwenye maua.

Umbo la punje lina uzito uleule. Mchanga uliosafirishwa na mto kwa umbali mrefu umegongana na kusuguana hadi kingo zake zikaisha. Mchanga uliotoka kwenye mashine ya kusaga kokoto una kingo mpya, kali kama siku ulipovunjwa. Kuutofautisha si kazi ngumu. Punje chache zilizolowa zikisuguliwa kwenye ngozi ya ndani ya kifundo cha mkono, mchanga wa mviringo huteleza, wa kusagwa hukwaruza na kuacha wekundu. Kioo cha kukuzia, au hata kamera ya simu iliyosogezwa karibu, humaliza ubishi. Mchanga wa kuondolea rangi kwa presha na vioo vilivyosagwa visiingie kabisa kwenye tangi la samaki wa sakafuni, hata muuzaji aseme nini. Changarawe za kupakwa rangi ya buluu, waridi na kijani zina dosari ya ziada: rangi hubambuka kadiri muda unavyokwenda, na anayeila ni yule anayepekua chini.

Baada ya umbo huja kemia, na hapa wakazi wa pwani wanahitaji uangalifu wa pekee. Mchanga mweupe wa fukwe nyingi za Bahari ya Hindi, hasa visiwani, kwa sehemu kubwa umetokana na matumbawe na magamba yaliyosagika. Hiyo ni kalsiamu kaboneti, yaani jamii ya chokaa. Ndani ya tangi huyeyuka polepole, huongeza ugumu wa maji na kupandisha pH. Corydoras na Pangio, ambao asili yao ni mito ya maji laini yenye uchachu kidogo, hawafaidiki na hali hiyo. Samaki wa Tanganyika, ambao ziwa lao lina pH inayokaribia 9, huistahimili vizuri na hata huihitaji pale maji ya bomba yanapokuwa laini. Hivyo mchanga wa matumbawe hauwezi kuitwa mbaya au mzuri kabla ya kujulikana samaki atakayekaa juu yake. Hata kwa samaki wa Tanganyika haifai kujichotea ufukweni, kwani mchanga huo una chumvi nyingi na vipande vya magamba vyenye kingo kali, na katika hifadhi za bahari kuondoa chochote ni kosa.

Jaribio la chokaa huhitaji siki tu. Mchanga uliooshwa na kukaushwa huwekwa kijiko kimoja kwenye glasi, kisha siki humiminwa juu yake. Mapovu yakitoka, chokaa ipo. Kwa kuwa siki ni asidi dhaifu na mapovu machache hayaonekani upesi, glasi husogezwa sikioni, maana mchecheto husikika kabla ya kuonekana. Jaribio la uhakika zaidi huchukua wiki moja: ndoo ya maji ya mvua hupimwa pH, hutiwa mchanga, hufunikwa, na hupimwa tena baada ya siku saba. Tofauti ikiwa kubwa, mchanga huo ni wa samaki wa maji magumu. Mchanga mweusi hupitishiwa sumaku. Ukiwa na chembe za chuma zitang'ang'ania, na chembe hizohizo ndani ya tangi hukimbilia kwenye rota ya pampu ambayo nayo ni sumaku, zikaikwaruza mpaka ife.

Mchanga upatikane wapi? Ulio salama zaidi kwa gharama ya wastani ni ule wa kuchujia maji ya mabwawa ya kuogelea. Ni wa silika, isiyobadilisha maji, umechekechwa kwa kipimo kimoja, na huuzwa kwa mifuko na wauzaji wa vifaa vya mabwawa katika miji mikubwa. Mchanga wa mto wa ujenzi ni nafuu na mara nyingi una umbo zuri, ila hubeba udongo, vipande vya mizizi na mabaki ya chochote kilichoko juu ya mto. Uliochotwa chini ya mashamba yanayopigwa dawa usitumike. Uliochotwa karibu na mito inayooshewa dhahabu na wachimbaji wadogo usitumike pia, kwa sababu zebaki wanayoitumia hubaki kwenye mashapo kwa muda mrefu. Udongo maalumu wa mimea ya majini, unaouzwa kwa bei kubwa, huotesha mimea vizuri sana, lakini mwingi hutoa amonia katika wiki za mwanzo, na punje zake humeng'enyeka kuwa tope zikichimbwachimbwa kila siku. Anayetaka mimea na kambare pamoja anaweza kuipanda mimea kwenye vyungu vidogo na kuacha sehemu iliyobaki iwe mchanga mtupu.

Kuhusu rangi, mchanga mweupe sana huakisi mwanga wa taa kutoka chini, na samaki wengi wa sakafuni hujibu kwa kupauka, kwa kuwa ngozi yao hujirekebisha ifanane na mahali walipo. Rangi ya kaki au kahawia, ambayo ndiyo rangi ya mito mingi, huwapa utulivu na huonyesha madoa yao vizuri.

Kina cha sentimita 3 hadi 5 kinatosha. Kwa samaki wa maganda, sentimita 5 ndicho kiwango cha chini. Hesabu yake ni rahisi: urefu mara upana mara kina, vyote kwa sentimita, gawanya kwa 1,000 kupata lita, na lita moja ya mchanga mkavu ina uzito wa kilo 1.5 au zaidi kidogo. Tangi la sentimita 100 kwa 40 lenye mchanga wa sentimita 4 linahitaji lita 16, yaani kilo 25 hivi. Meza au stendi ihesabiwe uzito huo pamoja na wa maji.

Mchanga ukizidi kina hicho, huzaa tatizo jingine. Oksijeni haifiki chini, na bakteria wasioihitaji huanza kutengeneza haidrojeni salfaidi, gesi yenye harufu ya yai viza ambayo ni sumu kwa samaki. Dalili ni mabaka meusi yanayoonekana kupitia kioo cha pembeni. Samaki wanaochimba huzuia hali hii wenyewe. Pasipo wachimbaji, mchanga ukorogwe taratibu kwa kidole au kijiti kila wiki mbili, sehemu moja kwa wakati mmoja. Konokono wadogo wenye ganda refu lililochongoka, Melanoides tuberculata, huifanya kazi hiyo pia. Wachukuliwe kutoka kwenye tangi jingine, kamwe si ziwani wala mtoni, maana konokono wa maji ya asili wanaweza kubeba vimelea, wakiwemo wa kichocho.

Kuosha ndiko kunakowachosha wengi, nao huishia njiani. Ndoo ijazwe robo tu. Mpira wa maji usukumwe mpaka chini ya mchanga, mkono ukoroge, na maji yenye tope yaachwe yafurike mpaka yawe meupe. Kilo 25 huweza kuchukua saa nzima au zaidi. Sabuni haitumiki hata tone. Mchanga wa mto humwagiwa maji ya moto baada ya kuoshwa, ili kuua vijidudu na mayai ya konokono. Mchanga wa silika usimiminwe ukiwa mkavu ndani ya chumba kilichofungwa, kwa sababu vumbi lake huumiza mapafu ya binadamu. Ulowanishwe kwanza, nje.

Mawe mazito hutangulia kuwekwa, yakae moja kwa moja juu ya kioo cha chini au juu ya kipande cha plastiki, kisha mchanga uyazunguke. Jiwe lililowekwa juu ya mchanga litachimbuliwa na sikilidi kutoka chini, na litaanguka siku ambayo hakuna anayeangalia, juu ya samaki au juu ya kioo. Maji humiminwa juu ya sahani ili yasichimbe shimo. Siku ya kwanza tangi huwa na ukungu. Hutulia kwa siku moja au mbili. Mdomo wa kichujio uinuliwe sentimita kadhaa kutoka mchangani. Kichujio cha kufukiwa chini ya sakafu, kile cha vibao vyenye matundu, hakipatani na mchanga, kwani huziba.

Usafi wa kila wiki ni mwepesi kuliko ule wa changarawe, na hiyo ndiyo faida ambayo wengi hawaijui. Uchafu hauzami, hulala juu, unaonekana. Mpira wa kunyonyea maji hupitishwa sentimita 2 hivi juu ya mchanga kwa mwendo wa mduara, uchafu ukapanda na mchanga ukabaki. Robo ya maji ikibadilishwa kwa wiki, na chakula kikitolewa kiasi kinachokwisha ndani ya dakika chache, sharubu hubaki ndefu. Chakula cha kuzama kitolewe jioni taa zikipunguzwa, wakati ngogo wanapotoka mafichoni. Kuwategemea kambare wale masalio ya wengine ni kuwatesa kwa njaa. Sifongo ya kufutia kioo isuuzwe kila inapogusa chini, maana punje moja ya silika iliyonasa humo huchora mstari usiofutika.

Aliye na changarawe tayari asiitoe yote kwa mkupuo mmoja. Bakteria wanaogeuza amonia kuwa naitraiti na kisha naitreti huishi pia juu ya mawe hayo, na wakiondolewa ghafla amonia hupanda. Theluthi moja iondolewe kwa wiki, kichujio kisiguswe katika kipindi hicho, chakula kipunguzwe, na maji yapimwe kila baada ya siku moja. Kambare waliokwisha kupoteza ncha za sharubu huotesha mpya ndani ya wiki kadhaa wakihamishiwa kwenye mchanga safi, alimradi shina halijaharibika. Dawa za dukani haziwezi kufanya hivyo kama sakafu imebaki ileile.

Kabla ya kulipa, mnunuzi amtazame kambare mdomoni. Sharubu zikiwa vigutu au ncha zikiwa nyekundu, amwache na atafute duka jingine. Wauzaji nao wanaombwa waondoe changarawe za rangi kwenye matangi ya Corydoras na ngogo. Mfuko mmoja wa mchanga wa bwawa unatosha matangi kadhaa ya maonyesho, na samaki wanaofika kwa mnunuzi wakiwa wazima ndio wanaomrudisha dukani.